Ramani ya mwaka gani?



Mmekwisha kusikia kwamba kiangazi hiki shule itazungushiwa senyenge upande wa nyuma, kutoka kiwanja cha mupira mpaka kwenye kijito. Mimi sikatai senyenge. Mbuzi wanaingia mpaka kalasi ya tatu, na mwezi uliopita walikula daftari mbili za jeografia (mwenye daftari alifurahi, lakini hilo ni neno lingine). Usiku watu tusiowajua wanakatiza humo. Senyenge ni jambo jema. Lakini senyenge inafuata mstari, mstari unatoka kwenye ramani, na juu ya hiyo ramani niko na neno la kusema kabla miti haijasimikwa.

Kwanza niungame. Jumamosi moja ya trimestri ya pili, saa ya salongo, mimi doyeni wenu niliongoza wavulana wa tano na wa sita kwenda kufyeka nyuma ya kiwanja. Tuliambiwa kufyeka majani, basi. Tulipofika tukakuta muhogo umepandwa mistari mizuri, na sombe yake changa. Mmoja akauliza, tufanye nini? Nikasema kwa sauti kubwa: hapa ni kwetu, ramani inaonyesha, ng'oeni. Tukang'oa mistari minne. Hakuna mkubwa aliyenituma. Nilijituma mwenyewe kwa sababu nilivaa beji.

Akaja mama mzee mmoja, mwenye shamba. Hakupiga kelele. Alisimama chini ya mwembe ule mkubwa, akatutazama, halafu akaniuliza: "Mujukuu, ni nani alikuonyesha mupaka?" Nikajibu: "Mama, ni ramani." Akauliza tena: "Na ile ramani, ni nani aliionyesha?" Wavulana wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku, kule dortwari, sikucheka tena.

Siku ya tatu nikaomba ruhusa kwa Bwana Prefe niione ramani yenyewe. Alinipa bila shida, na ninamshukuru. Ninyi wengi mnaitaja ramani ya shule kama vile mtu anavyotaja Amri Kumi, lakini hamjaiona. Ni karatasi ya buluu, kopi ya kopi, imechanika kwenye mikunjo. Inaonyesha barabara, kanisa, nyumba tatu za zamani, na pembe tano zenye namba, kila pembe na jiwe lake la sementi. Upande wa barabara kila mstari una urefu wake kwa mita na sentimita. Upande wa kijito mstari umepigwa kwa rula, umenyooka sana, na hauna mita hata moja iliyoandikwa. Na mahali pa shamba la mama mzee pameandikwa kwa Kifaransa maneno mawili, maana yake: ardhi tupu. Nikatafuta mwaka. Pembe ya chini imekatika. Imebaki 19, nyuma yake hakuna kitu.

Hayo maneno mawili, ardhi tupu, yana historia ndefu, na sisi watu wa Kasongo na Kabambare tungepaswa kuijua kuliko wengine. Tarehe 1 Julai 1885, Leopold wa Pili akiwa ndiyo kwanza ameipata Kongo kule Ulaya, ilitoka amri kwamba ardhi zisizo na watu ni mali ya Leta. Hesabuni basi. Mwaka 1885 hapa Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip na watu wake, na Bula Matari hakuwa na ofisa wake anayekaa hapa. Jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Kabambare ikafuata mwaka 1894. Maana yake amri ilitangulia, na mwenye amri akaja nyuma yake karibu miaka 8. Udongo wetu uligawanywa kati ya tupu na si tupu na watu ambao walikuwa hawajauona.

Na "tupu" ni nini? Kila mtoto wa kijiji anajua kwamba shamba linalimwa, halafu linaachwa, kichaka kinarudi, udongo unapumzika, halafu mwenyewe anarudi. Ukipita katika mwaka wa kupumzika utaandika: tupu. Ukipita miaka michache baadaye utakuta mpunga. Ramani haina macho ya kungojea. Inaonyesha siku moja tu, tena siku ile ambayo mpimaji alipita.

Nitawapa mfano wa hapa hapa. Mtu akifungua ramani ya zamani akaona neno Kasongo, asifikiri ni hapa tunapokaa. Kasongo ya Tippu Tip ndiyo ile tunayoiita leo Tongoni. Daktari Hinde, Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis, aliandika katika kitabu chake cha 1897 juu ya mji mkubwa wenye nyumba nzuri na bustani za machungwa, mapera na makomamanga. Baadaye posti ya Leta ikawekwa mahali pengine, na jina likahama pamoja na posti. Mji wa kwanza ukabaki tongo, yaani mahame. (Kuna Tongoni nyingine karibu na Tanga, pwani ya Tanzania, nayo ina magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Neno ni lile lile.) Nyangwe nayo, ambayo Livingstone, Cameron na Stanley waliiandika kwa herufi kubwa katika ramani zao, leo wageni wanaitafuta kwa kuuliza-uliza. Jina kwenye karatasi linaweza kutembea, na watu wakabaki. Au watu wakahamishwa, jina likabaki.

Miaka michache iliyopita wataalamu wa vitu vya kale, pamoja na watu wa Université ya Lubumbashi, walikuja kuchunguza Tongoni na Nyangwe, na mwaka 2020 kazi yao ilitoka katika jarida la Antiquity. Hawakuridhika na karatasi wala na jembe. Walikaa pia na wazee wakawauliza wanakumbuka nini. Hilo nalipenda. Na ramani nyingi za zamani za nchi yetu ziko Ubelgiji, kule Tervuren na Brussels. Mwanafunzi wa Brussels anaweza kuziona kwa kupanda tramu. Sisi tunaokanyaga udongo wenyewe tuko na kopi ya kopi isiyo na mwaka.

Sasa msinielewe vibaya, kana kwamba nasema zamani kabla ya Wazungu kila kitu kilikuwa haki. Tippu Tip hakununua Kasongo sokoni. Mji ule ulijengwa kwa bunduki, na kwa mikono ya watu waliotekwa. Katika habari ya maisha yake, aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza namna alivyopata utawala wa Utetela: alisikia kwa mateka habari ya dada wa shefu Kasongo Rushie waliochukuliwa zamani, akajifanya kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao. Mzee akaamini, akampa nchi. Hapo hapakuwa na ramani wala karatasi. Palikuwa na neno la mdomo, nalo lilikuwa uongo. Kwa hiyo wale wanaosema wazee hawakosei, tusome tu midomo yao, na hao pia siwafuati. Nyumba ya Tippu Tip kule Unguja, Mji Mkongwe, alipofariki mwaka 1905, ingali inaonyeshwa wageni. Wale waliobeba udongo wa nyumba zake za Kasongo, makaburi yao hakuna ramani iliyoyaandika.

Baada ya vita vya 1893 na 1894 kazi ya kupima iliendelea polepole, na kila wakati swali lilikuwa lile la mama mzee: ni nani aliionyesha? Kompani ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902, ile iliyojenga reli ya Kindu mpaka Kongolo, iliahidiwa hekta milioni 4. Sidhani kuna mtu wa Kibombo aliyeitwa mezani. Dekreti ya 1931 ikaweka miji ya watu weusi kando, ikiitwa sante ekstrakutumie. Mtu alipata parsele ya kukaa, lakini kukaa siyo kuwa mwenyewe. Ni dekreti ya 10 Februari 1953 iliyofungua mlango wa Mkongo kuwa na mali yake mwenyewe ya ardhi na nyumba, miaka 7 tu kabla ya Uhuru. Halafu sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Leta, hauuzwi, mtu anapewa konsesio. Sheria hiyo ilisema pia kwamba sertifika ya kuandikishwa, ikiisha kupita miaka 2, haishambuliwi tena. Na mashamba ya vijiji je? Iliandikwa kwamba haki za watu juu ya hayo zitapangwa na ordonansi ya Rais. Yakapita makumi ya miaka bila ordonansi hiyo kutoka.

Mimi ni mtoto wa Kabambare, na kwetu jambo hili siyo somo la ubaoni. Pale Namoya dhahabu inachimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Kodi ya migodi ya 2002 iligawanya nchi yote katika vyumba vya mraba, kila kimoja karibu hekta 85, kama daftari ya hesabu. Kilichoko chini ya udongo kina ramani yake, na kilichoko juu kina yake, kama iko. Mtu analima muhogo juu, mwingine anashika karatasi ya chini, na kijana wa kijiji anachimba katikati. Kompani iliyokuwa Namoya ilisimamisha kazi mwaka 2019. Ile miraba haikupotea kwenye karatasi, na mashamba nayo hayakupotea. Nani anakumbuka ni yapi yalianza? Wazee wachache, na kila mwaka wanapungua.

Pwani walipata somo hilo kabla yetu. Mombasa na pwani yote ya Kenya, sheria ya 1908 iliwataka wenye ardhi wote walete madai yao kwa mwandishi wa hati. Aliyekuja na karatasi na mashahidi alipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Kiingereza. Mtu ambaye hakusikia habari, au hakujua kusoma, au alifikiri minazi ya babu yake inatosha kuwa ushahidi, aliamka siku moja akawa mgeni katika shamba lake. Ugomvi wa watu wanaoitwa maskwota kule pwani umeendelea mpaka kizazi chetu.

Rafiki yangu mmoja wa sita, ambaye ana akili kunishinda, alinipinga sana. Akasema: "Doyeni, ukimsikiliza kila mtu mwenye mwembe, shule itabaki na choo tu. Karatasi ndiyo inayowalinda wanyonge. Mwenye pesa ndiye anayependa mambo ya mdomo." Anasema kweli, na nimeona kwa macho yangu. Baba yangu mdogo alinunua parsele katika mji mmoja ambao siutaji. Akalipa, akapewa karatasi yenye muhuri. Baada ya mwaka akatokea mtu mwingine na karatasi yenye muhuri juu ya parsele ile ile. Majirani waliojua ukweli walikuwa wamekimbia vita na hawajarudi. Karatasi mbili zikapigana zenyewe kwa zenyewe, na baba mdogo akashindwa. Kwa hiyo tukubaliane: karatasi pasipo mashahidi ni mdomo uliofungwa, na mashahidi pasipo karatasi wanakufa.

Katika Yeremia mlango wa 32 nabii ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, wakati mji umezingirwa na adui. Angalieni anavyofanya. Anapima fedha mbele ya mashahidi. Anaandika hati mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi. Zote mbili zinatiwa katika chungu cha udongo ili zidumu siku nyingi. Alihitaji vyote, watu na maandiko, tena na kopi ya pili. Sisi tuko na kopi moja iliyochanika, na mashahidi hatujawauliza.

Basi nikaenda kuuliza. Nilienda kwanza kwa mama mzee kuomba msamaha, nikabeba vijiti vya muhogo vya kupanda upya. Alinipokea, akanipa kiti. Akasema: "Ile karatasi yenu ilifika huku miye niko na meno yote." Alikuja bibi arusi kabla ya Uhuru, bwana wake akapanda mwembe mwaka ule ule. Anakumbuka mpimaji alikuja na mnyororo na vijana wawili, katika mvua kubwa. Walipima upande wa barabara siku mbili. Kijito kilikuwa kimejaa, mpimaji hakuvuka. Alisimama ng'ambo ya huku, akatazama, akaandika.

Sikuchukua neno lake kama Injili. Nilikwenda pia kwa mzee mmoja aliyefanya kazi shuleni zamani. Yeye anasema hapana, jiwe la upande wa kijito lilikuwako, alilikalia mara nyingi akila mahindi. Mwaka 1964, katika uasi, watu waliona sementi katikati ya majani, wakafikiri kuna kitu kimefichwa chini, wakalichimbua. Anasema pia kijito chenyewe kimesogea. Yeye na mama mzee hawapatani hata kidogo, na wote wawili sikuwaona kuwa waongo.

Tena tukapima. Mwalimu wetu wa matematika alitukubalia saa mbili, tukachukua kamba yenye fundo kila mita 10 na busola ya skauti. Upande wa barabara mawe matatu yako, na mita za ramani zinafuata mita za kamba vizuri sana. Mpimaji yule alikuwa fundi. Upande wa kijito mawe mawili hayako. Tulijaribu kufuata mstari wa rula: unaingia majini, unatoka, unapita katikati ya shina la mwembe. Tena kuna jambo ambalo wanafunzi wa sita waliliona wenyewe. Ramani iko kwa kipimo cha 1 kwa 2000. Wino wa mstari ule una unene wa nusu milimita. Zidisheni: nusu milimita mara 2000 ni mita nzima. Mstari wenyewe, hata kama uko mahali pake sawasawa, unakula mita moja ya shamba la mtu, yaani mstari mmoja wa muhogo, na hatujui ni mita ya nani. Na kaskazini ya busola ya leo siyo ile ya miaka zaidi ya sitini iliyopita, maana sindano inabadilika polepole. Mtu atakayefuata mstari ule kwa busola peke yake atakosea zaidi kila mita anazokwenda mbele.

Sisemi shamba ni la mama mzee. Sisemi ni la shule. Nasema upande ule haukupimwa vizuri, au ulipimwa na alama zake zimepotea, na senyenge ikisimama hapo kesho, baada ya miaka 20 doyeni mwingine atasema: hapa ni kwetu, senyenge inaonyesha. Hatajua kwamba mwaka huu tulikuwa hatuna hakika.

Kwa hiyo naomba kwa Bwana Prefe na kwa kamati mambo haya. Senyenge ianze upande wa barabara, ambako mawe yako. Upande wa kijito ungojee mpaka mtu wa kadastra, shefu wa kartye, mama mzee, yule mzee wa zamani wa shule na wawakilishi wetu watembee pamoja siku moja kwa miguu, tena katika kiangazi, maji yakiwa chini ili kila mtu avuke. Yale watakayokubaliana yaandikwe, na yale watakayokataliana yaandikwe vilevile. Na tuandike tarehe! Kopi moja ibaki biro ya shule, moja kwa shefu, moja kwa mama mzee, hata kama hasomi. Wajukuu wake wanasoma, mmoja yuko kalasi ya pili hapa kwetu.

Kuna wanaosema mwanafunzi hana ruhusa ya kuingia katika mambo ya ardhi, asome kwa ajili ya Egzamen d'Eta na anyamaze. Nitasoma. Lakini muhogo niliung'oa nikiwa mwanafunzi, na hakuna aliyeniambia siku ile kwamba mambo ya ardhi siyo yangu.

Kopi ya ramani tuliyoichora kwa kamba imebandikwa katika chumba cha kusomea, karibu na dirisha. Msiiandikie majina yenu. Jumamosi saa nane, wale tuliokuwa pamoja siku ile ya kung'oa, tukutane chini ya mwembe na majembe. Mistari ni minne, vijiti vya kupanda viko, na mvua haijaisha bado.

Doyeni wa wanafunzi, kalasi ya sita